Spliti ya blaki na dethi metali: mwongozo kamili, kuanzia kutafuta bendi mwenza mpaka kaseti iko posta

Kila baada ya shoo kuna kijana ananivuta pembeni ananiuliza hii kitu ya spliti inafanywaje, mnaanzia wapi, nani analipa, nani anakaa upande wa A, na mimi hapo nimebeba amplifaya mkono mmoja na nyaya mkono mwingine, najibu nusunusu tu. Leo naandika yote. Nimeshashiriki spliti tatu, moja ilienda poa, moja ilienda hivyohivyo, ya kwanza ilikuwa aibu na nitaisimulia huko chini.

Kwa mgeni: blaki na dethi ni aina mbili za metali, muziki mzito wa gitaa, na spliti ni toleo moja lenye bendi mbili, saa zingine tatu au nne, kila bendi na nyimbo zake, upande wake. Si kolabo, hamwimbi pamoja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye milango miwili, mnachangia kodi. Faida yake ndio hiyo hiyo ya kuchangia kodi, gharama inagawanyika, huhitaji nyimbo za albamu nzima (nne nzuri zinatosha kabisa), na mashabiki wa mwenzako wanakusikia bila wewe kuwaomba, manake kaseti ikiisha upande mmoja mtu anageuza tu. Muziki wenyewe ndio sehemu rahisi, nakwambia. Spliti nyingi ninazozijua zimefia WhatsApp, mahali fulani kati ya "twende kazi" na siku ya kulipa kiwanda.

Na si kitu cha wanyonge. Mwaka 1993 lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Candlelight ya Uingereza ilitoa CD moja yenye Emperor na Enslaved, bendi mbili changa za Norwe, na Ivar Bjørnson wa Enslaved alikuwa hata hajafika miaka 16. Enslaved haohao wakarudi 1995 na bendi ya Satyricon kupitia lebo ya Moonfog, na hiyo ilikuwa ni demo (rekodi za majaribio) zao za zamani zimepewa maisha mapya, kwa hiyo kama una demo nzuri iliyozikwa kwenye kompyuta ya mtu, usiidharau. Zama hizo kila kitu kilipita posta, kaseti kwa kaseti, na ujanja uliokuwepo ni kupaka gundi juu ya stempu ili mhuri wa posta ufutike, halafu unamwandikia mwenzako "nirudishie stempu zangu". Wewe una intaneti, huna sababu.

1. Tafuta mwenza

Usianze na rafiki yako kwa sababu ni rafiki yako. Anza na sauti. Jiulize mtu akimaliza upande wenu, akigeuza, atasikia nini? Zikifanana mno anachoka, zikiachana mno anahisi ameuziwa vitu viwili visivyojuana. Blaki na dethi zinakaa vizuri pamoja kwa sababu zina tofauti ya kutosha, blaki ina gitaa nyembamba za juu na ubaridi na mayowe, dethi imeteremsha tyuni ya nyuzi mpaka noti ya B, kila kitu kinatoka tumboni. Ila lazima kuwe na uzi mmoja, iwe mashairi, iwe spidi, iwe ule uchafu wa sauti. Mfano ninaopenda ni Xasthur na Leviathan, 2004, wote wa California, wote ni mtu mmoja peke yake anapiga kila kitu, na bado ukisikiliza unajua hapa ni kwa nani na hapa ni kwa nani. Mwingine ni Blood Incantation na Spectral Voice wa Denver, 2015, hao hata wanachama wanashirikiana, mmoja ni anga za mbali na mwingine ni pango, lakini ni mikono ileile.

Pili, hakikisha hiyo bendi imeshawahi kumaliza kitu. Demo moja, EP (toleo fupi) moja, chochote kilichotoka. Bendi ambayo miaka mitatu iko "karibu kurekodi" itakufanya na wewe uwe karibu kurekodi. Kuna watu wamejenga jina lote kwa spliti, Agathocles wa Ubelgiji, Nunslaughter wa Marekani, Sabbat wa Japani, hao spliti zao huwezi kuzihesabu ukamaliza, na siri ni moja tu, wanamaliza kazi wanatuma.

Tatu, na hapa naomba usiruke: chunguza siasa zao. Ndani ya blaki metali kuna kona ya watu wanaoabudu Wanazi, sisemi kwa mafumbo, na wengi wao hawaandiki kwenye kava. Utapata imeli ya adabu kabisa kutoka lebo ya Ulaya, "tumependa demo yenu", wewe mtu wa Nairobi au Mwanza unafurahi, baadaye unagundua katalogi yao nusu ni bendi za watu ambao wasingekaa meza moja na mama yako. Soma mashairi, angalia bendi za pembeni za kila mwanachama, angalia lebo imetoa nani mwingine na hao wameshatoa spliti na nani. Tovuti ya Metal Archives iko tangu 2002 na inakuonyesha hizi kamba zote, jioni moja tu unamaliza. Spliti ni jina lako na jina lao kwenye mgongo mmoja wa kaseti, milele. Huwezi kuja kusema hukujua.

2. Andikeni kabla ya kurekodi

Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, kila bendi inabaki na nakala. Usiseme "sisi tunaaminiana", ndoa zenyewe zina cheti. Ndani yake muwe na:

– dakika za kila upande, mwisho wake, kwa namba
– tarehe ya kuleta nyimbo zilizokamilika kurekodiwa, na nini kitatokea mtu akichelewa (sisi tunaweka hivi: wiki sita za ziada, baada ya hapo mwenzako yuko huru kutoka na nyimbo zake)
– nani analipa nini na lini
– kopi ngapi kwa nani
– nani anaweka mtandaoni, kwenye akaunti ya nani, na pesa inagawanywaje
– zikiisha, nani ana ruhusa ya kutoa tena

Haki za nyimbo zibaki kwa aliyezitunga, hiyo haina mjadala. Lebo mkiipa, ipeni ruhusa ya fomati moja, tuseme kaseti, chapa ya kwanza tu. Nimeona vijana wamesaini "haki zote" kwa ajili ya kaseti 100, baadaye wanataka kuweka wimbo wao wenyewe kwenye albamu wanaambiwa waombe.

Upande wa A na B rusheni shilingi. Sitanii. Tuliwahi kubishana wiki mbili nani awe A mpaka mpiga besi wao akatoka kwenye grupu, mwisho tukarusha shilingi, ikaisha ndani ya sekunde tatu.

3. Fomati, halafu dakika

Sasa aibu yangu. Spliti ya kwanza tulikubaliana "kama dakika ishirini hivi kila mmoja". Sisi tukaleta 22. Wenzetu wakaleta 14, wakasema nyimbo zao ni fupi na kali, sawa, ni dethi, sibishi. Kaseti ikakatwa kwa upande mrefu. Yani ukisikiliza upande wao unapata dakika 14 za muziki na dakika nane za fsssss. Watu walidhani deki zao zimekufa. Mmoja akaniandikia kunipongeza kwa hiyo "ambienti ya mwisho".

Kwa hiyo: pande zitofautiane chini ya dakika moja. Ukiwa mfupi ongeza intro, na blaki metali tunajua intro jamani, upepo, kengele, kunguru, dakika tatu zimekwenda. Ukiwa mrefu punguza wimbo, usiombe mwenzako ajaze.

Kaseti ndio ningeshauri kwa bendi yoyote ya hapa kwetu. C40 ina dakika 20 kila upande, C30 ina 15, na ni nyepesi kutuma, na unaweza kudabu (kunakili) mwenyewe nyumbani. Santuri ni tamu lakini ni pesa nyingine. Ile ya inchi 7 kwenye spidi ya mizunguko 45 kwa dakika inabeba kama dakika nne upande mmoja, kwenye 33 labda sita, yani wimbo mmoja kila bendi. Ya inchi 12 kwenye 33 ikae kwenye dakika 18 mpaka 20 kila upande, ukizidi hapo mifereji inabanana, sauti inapungua nguvu. Nairobi tulikuwa na kiwanda cha santuri enzi za benga, sasa hivi kazi inaenda mbali, mfano GZ Media kule Ucheki, na viwanda vingi vinaanzia kopi 300 ingawa wapo wa 100. Piga hesabu ya kusafirisha na ushuru wa forodha kabla hujawaza rangi ya santuri. CD ni rahisi na inabeba dakika 74 na zaidi, na hakuna upande, ila kwenye hii jamii yetu CD inakaa mezani kaseti zikiisha kwanza.

4. Kurekodi na masta

Kila bendi irekodi popote, studio, chumbani, kwa mjomba. Usimlazimishe mwenzako sauti yako. Lakini masta, yani marekebisho ya mwisho ya sauti kabla ya kunakili, iwe kwa mtu mmoja, anayepokea pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hii ndio inayotenganisha spliti na faili mbili zilizofungwa kamba.

Mpelekeeni faili za WAV za biti 24, kwa kiwango cha sampuli kilekile mlichorekodia, bila limita (kifaa cha kubana vilele vya sauti) kwenye chaneli kuu. Mkishabonda miksi mpaka imekuwa tofali, yeye hana la kufanya. Mwambieni alinganishe ukubwa wa sauti kwa masikio, sio kwa namba peke yake, kwa sababu gitaa za blaki zimejaa juu, masikio yanaziona kubwa kuliko namba inavyosema, na dethi ina besi inayojaza mita ya sauti bila wewe kuisikia kubwa. Nimesikia pande mbili zenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) sawasawa kabisa, na bado mtu anakimbilia kitufe cha sauti akigeuza.

Ya kaseti: juu sana kule kutapungua kidogo, kwa hiyo matoazi yasikuogopeshe, lakini ukirekodi chini mno utapata upepo wa ukanda kuliko muziki. Kwenye kaseti za aina ya kwanza, zile za feriki za kawaida, acha mita ya sauti ipande mpaka kama +3 kwenye vilele, ukanda unabana sauti wenyewe na kwa metali inapendeza. Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza mvumo wa ukanda, izime, manake msikilizaji akiwa na deki isiyo na Dolby au mipangilio tofauti, gitaa zote zitasikika kama zimefunikwa blanketi au zitachoma masikio.

Ya santuri: kila kitu chini ya hezi 150 kiwe mono (sawa kushoto na kulia), la sivyo sindano inaruka. Wimbo wenye matoazi mengi na mayowe ya juu uweke mwanzo wa upande, mwisho weka ule wa polepole, kwa sababu karibu na katikati ya santuri mfereji unapita taratibu chini ya sindano na sauti za juu zinaharibika. Hapo ndipo wimbo wenu wa duumu (metali ya polepole) wa dakika tano unapopata kazi.

Kuhusu madramu ya programu, sina ugomvi nayo, lakini mpiga masta atakuambia: blastibiti, yale mapigo ya dramu ya kasi mno, ya 240 kwa dakika yenye kila pigo nguvu ileile inasikika kama cherehani. Shusha nguvu ya mapigo mengine kidogo, sogeza machache nje ya gridi.

Na usiweke wimbo wa bendi nyingine ulioupiga upya. Kiwanda kinakusainisha fomu kwamba una haki ya kila kilichomo, na kufuatilia leseni kwa kaseti 100 haina maana yoyote.

5. Kava

Mnachagua mambo mawili. Ama picha moja kwa wote, ama kila bendi ina mbele yake, kaseti ukiigeuza unakuta kava nyingine. Mimi napenda hiyo ya pili, hakuna anayehisi yuko nyuma ya nyumba.

Kadi ya kaseti, sehemu ya mbele ina kama milimita 65 kwa 101. Ni ndogo! Logo ya blaki metali yenye mizizi na popo na misalaba, ukiishusha hapo inakuwa kama nywele zilizoziba sinki. Iombe kwa faili la vekta (unaloweza kulikuza au kulipunguza bila kuharibika), ichapishe kwa saizi halisi kwa printa ya ofisi kabla ya kuituma. Mengine ni ya kawaida: dpi 300, rangi za CMYK (za uchapishaji), milimita 3 za ziada kila ukingo zikatwe. Mgongoni majina yote mawili kwa herufi zinazosomeka, hapo achaneni na logo, manake mgongo ndio mtu anaouona kwenye rafu. Namba ya katalogi pia hapo.

Chapisheni mashairi. Kama mnaimba Kiswahili, hasa. Watu wa Ulaya wanaonunua hizi kaseti wanapenda kujua kinachosemwa, na kwa maoni yangu Kiswahili kimeumbwa kwa hii kazi, karibu kila neno linaishia na irabu, ukivuta "gizaaaa" linakaa mdomoni mpaka pumzi iishe, jaribu kufanya hivyo na lugha inayoishia na t.

6. Pesa na kudabu

Njia ya lebo: lebo inalipa kila kitu, ninyi mnapewa kopi. Kaseti 100, kila bendi inaweza kupata 10 mpaka 20, zinazobaki lebo inauza irudishe hela yake. Hakuna hela ya mkononi, ukiahidiwa uliza mara mbili. Lebo za karibu nasi zipo, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndio iliwatoa Duma wa Nairobi mwaka 2020, watu waliotoka kwenye bendi zetu za metali hizihizi, ingawa wao si wa blaki metali ya kawaida.

Njia ya mfukoni: mnagawana nusu kwa nusu, gharama na kopi. Kaseti tupu agizeni mara moja zote, zikatwe kwa urefu wenu, usinunue C90 ukaacha nusu nzima kimya. Deki mbili nzuri za mtumba, zisafishwe hedi (sehemu inayogusa ukanda) kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti kama kumi. Kudabu kwa kasi ya kawaida kopi 50 za C40 ni dakika 2,000, kwa deki mbili ni kama saa 17, kwa hiyo gawaneni na wenzenu, kila bendi wikendi moja. Sikiliza mwanzo na mwisho wa kila kopi. Kila moja. Najua inachosha. Mtu wa Polandi akipokea kaseti yenye upande mmoja mtupu, hatakuandikia wewe, atawaandikia watu wote isipokuwa wewe.

7. Kutoa

Chagueni siku moja, wote mtangaze saa moja. Wimbo mmoja wa kila bendi utoke wiki tatu nne kabla, na usiwe ule wenye intro.

Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, inatosha. Inachukua asilimia 15 kwenye dijitali na 10 kwenye vitu vya kushika, na kuna zile Ijumaa ambazo wanaacha mgao wao, walianza Machi 2020, wekeni toleo lenu hapo kama mnaweza. Hela inapita PayPal, na Kenya unaitoa mpaka M-Pesa bila shida, nchi zingine hakikisha kwanza akaunti yako inaruhusiwa kupokea, si kutuma tu. Ukurasa uwe wa bendi moja au wa lebo, msiweke nyimbo zilezile sehemu tatu, mnagawanya wasikilizaji wenyewe kwa wenyewe.

Posta: kaseti moja na boksi lake haifiki gramu 100, bahasha yenye mapovu, kadibodi pande zote mbili, fomu ya forodha andika ni kaseti ya muziki na bei yake ya kweli. Weka gharama ya posta kwenye bei tangu mwanzo, mimi nilishatuma kaseti Brazil kwa hasara mara nne kabla sijashtuka.

Halafu kubadilishana. Hii bado iko hai kabisa. Unaandikia distro ndogo (wasambazaji wa kaseti), unawapa tano zenu mnachukua tano zao, hakuna hela inayotembea, ninyi mnauza zao kwenye meza ya shoo, wao wanauza zenu kule kwao. Kopi 20 zikienda hivi umefika nchi nne. Baada ya hapo ingiza toleo Metal Archives na Discogs (tovuti ya orodha za matoleo) mwenyewe, kwa majina sahihi na dakika sahihi, kabla shabiki hajaingiza na makosa.

Na wekeni kopi tano kila bendi, zifungwe, zisiguswe hata na ndugu. Mimi ile ya kwanza, ya dakika nane za fsssss, sina hata moja. Mwaka juzi niliona jamaa wa Ujerumani anaiuza, nikamwandikia kwa heshima zote aniachie kwa bei ya chini, akanijibu hiyo ni nadra sana, akaniuliza kama hiyo bendi naijua.